Mtetezi Katika Mchezo wa Kuigiza

Fasihi ya Kiswahili inaye mpelelezi wake. Tokea kilipochapishwa kitabu cha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, Bwana Msa wa Muhammad Said Abdulla amekuwa kama jamaa katika nyumba zetu: kiko chake twakijua, na sahibu yake Najum twamjua. Asili ya Bwana Msa haikufichika. Ni yule Sherlock Holmes wa Waingereza, aliyevuliwa koti la baridi akavishwa mavazi ya pwani, akapewa lugha ya Kiunguja na vituko vya watu wa Unguja. Hapana aliyelalamika kwamba ni mgeni. Mtungaji alichukua chombo cha wenzetu akatia shehena yetu, na chombo kikaenda.

Lakini hadithi ya mpelelezi hukoma pale mhalifu anapotajwa. Wote wameketi, Bwana Msa anakung'uta kiko, anaeleza jinsi mambo yalivyokuwa, na msomaji anafunga kitabu akiwa ameridhika. Katika maisha ya kweli hapo ndipo shughuli inapoanza. Aliyetajwa hupelekwa kituoni, akatoka kituoni akenda kizimbani, na huko huulizwa kwa mujibu wa sheria kama ni kweli au si kweli. Ni nani atakayesimama upande wake? Fasihi yetu haijamtunga mtu huyo. Tunao mahakimu katika riwaya na tamthilia zetu, wengine waadilifu na wengine wala rushwa. Tunao maaskari, mashahidi wa uongo na wafungwa wengi. Mtetezi kwa nadra huonekana, na akionekana hupita mbio. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuwapendekezea walimu na wanafunzi wa skuli zetu za sekondari mchezo mmoja wa televisheni wa Kiingereza ambao shujaa wake, tangu mwanzo hata mwisho, ni mtetezi. Mchezo huo ni Rumpole of the Bailey.

Tunajua kwamba wapo watakaouliza: katika kitabu cha makala juu ya utamaduni wa taifa, Mwingereza huyu ametokea wapi? Je, hatukuchoka na vya kwao? Swali ni la haki, nasi hatutalikwepa. Jawabu la kwanza tumekwisha kulitoa kwa kumtaja Bwana Msa. Jawabu la pili litajitokeza tutakapoona kwamba kiini cha mchezo huu, ukikivua joho jeusi na nywele za bandia, ni jambo ambalo wazee wetu walilijua na kulifundisha kabla ya Waingereza hawajafika katika visiwa hivi.

Aliyeutunga ni John Mortimer, aliyezaliwa mwaka 1923 na kufariki mwaka 2009. Alikuwa wakili hasa, si mtu wa kuhadithiwa habari za mahakama, na mwaka 1966 alipandishwa cheo kile ambacho mwenyewe huvaa joho la hariri na kuitwa Wakili wa Malkia. Alikuwa akiandika asubuhi na mapema kabla ya kwenda mahakamani. Mchezo wake wa kwanza wa Rumpole ulionyeshwa na BBC mwaka 1975 ukiwa mchezo mmoja tu. Kisha kampuni ya Thames ikauendeleza kuanzia mwaka 1978 mpaka mwaka 1992, ukawa mifululizo saba. Mwigizaji mkuu ni Leo McKern, mzaliwa wa Australia, aliyekuwa na jicho moja la kioo. Ni mtu mnene, mwenye sauti ya kukwaruza na uso uliokunjamana kama karatasi iliyotolewa mfukoni. Old Bailey ni jina la mtaa wa London ilipo Mahakama Kuu ya Jinai. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1907 mahali palipokuwa jela ya Newgate. Juu ya kuba lake imesimama sanamu ya Haki, upanga mkono mmoja na mizani mkono wa pili, na kinyume na wengi wadhaniavyo, sanamu hiyo haikufungwa kitambaa machoni.

Horace Rumpole ni wakili aliyezeeka bila ya kupanda cheo. Hakupata hariri wala hakutaka ujaji. Joho lake limechakaa, nywele zake za bandia zimegeuka rangi, mkewe Hilda ni binti wa aliyekuwa mkuu wa ofisi yao na kila siku humkumbusha kwamba wenziwe wamemwacha nyuma. Naye humpa mkewe lakabu aliyoitoa katika riwaya ya Rider Haggard ya mwaka 1887 juu ya malkia wa Afrika ambaye hapana budi atiiwe. Kazi anayoipenda ni moja tu, kuwatetea walioshitakiwa. Hakubali kushitaki. Wateja wake wakubwa ni ukoo wa Timson wa kusini ya London, wezi wa rejareja ambao wizi wameurithi kama vile watu wengine walivyorithi useremala.

Katika mchezo wa kwanza wa mwaka 1978, kijana wa ukoo huo, Jim, ameshitakiwa kwa kuwanyang'anya wauza nyama. Ushahidi mzito juu yake ni maneno ya kijana mwenziwe wa ukoo wa Molloy, mahasimu wa akina Timson, asemaye kwamba alimsikia Jim akikiri. Hebu mwalimu na ajiulize: katika darasa la wanafunzi arubaini, wangapi wangesema tangu mwanzo kwamba Jim hana hatia? Baba yake mwizi, babu yake mwizi, ami zake wezi. Sisi nasi tunayo methali iliyo tayari: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo, tukiipima vizuri, ni hati ya mashtaka isiyohitaji shahidi. Rumpole haijali. Anakwenda kuangalia kama maneno hayo yangaliweza kusikika, na anamsaili shahidi swali baada ya swali, pole pole, kama mtu anayefumua mkeka ukili mmoja mmoja. Kesi inakwenda siku nyingi, na katika siku hizo hizo ofisini kwao wanamchagua mkuu mpya. Cheo ambacho Rumpole alikitarajia kinakwenda kwa Guthrie Featherstone, Mbunge mwenye suti nzuri. Mtoto wa mwizi amepata wakili, na wakili amekosa cheo. Mortimer haongezi neno juu ya hilo, wala halihitaji.

Mchezo wa pili ni mgumu zaidi, na kwa maoni yetu ndio unaofaa zaidi kujadiliwa darasani. Rumpole anamtetea msichana aliyeshitakiwa kwa kuuza bangi. Anampenda kama mzee ampendavyo kijana mwerevu, na amekwisha kupata njia ya kumwokoa. Halafu msichana mwenyewe anamwambia kwamba kweli aliuza. Hapo kila kitu kinaanguka. Wakili aweza kusimama mbele ya mahakama akasema kwamba upande wa mashtaka haukuthibitisha. Hawezi kusimama akasema jambo ambalo amekwisha kuambiwa na mteja wake kwamba si kweli. Msichana anakiri kosa mahakamani na kwenda jela. Watu wengi katika baraza zetu husema kwamba wakili ni mtu anayelipwa aseme uongo. Mchezo huu wa dakika hamsini unawajibu vizuri kuliko hotuba.

Wa tatu nao tuutaje, ijapokuwa mwalimu inampasa autumie kwa uangalifu. Mbunge ameshitakiwa kwa kumbaka mwanamke aliyefanya naye kazi ya uchaguzi. Rumpole anamtetea, na ili amtetee inambidi amhoji yule mwanamke mambo ambayo hapana mwanamke angependa kuulizwa hadharani. Mchumba wa mwanawe Rumpole amekaa ukumbini anatazama, na anatoka akiwa amechukizwa naye kabisa. Mtungaji hakumpa Rumpole jawabu la kumnyamazisha yule binti. Aliwaacha wote wawili na ukweli wao. Kazi ya utetezi ina gharama yake, na mara nyingine gharama hiyo hulipwa na mtu mwingine asiyekuwa wakili wala mshitakiwa. Tamthilia iliyothubutu kusema hivyo dhidi ya shujaa wake mwenyewe ni tamthilia ya watu wazima.

Walimu wanaosomesha Mabepari wa Venisi watapata humu faida ya pekee. Katika ofisi ya Rumpole yumo wakili mwanamke, Phyllida Trant, na Rumpole humwita Portia wa ofisi yao. Portia ni yule mwanamke wa Shakespeare anayevaa mavazi ya kiume na kuingia mahakamani kumwokoa Antonio na kisu cha Shylock. Mwalimu Nyerere alipoufasiri mchezo huo mwaka 1969 aliupa jina lenye hukumu ndani yake: hawa si wafanyabiashara tu, ni mabepari. Wanafunzi wetu huupenda mno uwanja wa mahakama na humpigia makofi Portia. Lakini wawekeeni Portia huyo karibu na Rumpole muone. Portia ameolewa na rafiki wa mdaiwa. Anajifanya bingwa wa sheria hali si bingwa. Na Shylock, mgeni anayechukiwa na mji mzima, hana hata mtu mmoja wa kumsemea. Ameingia mahakamani mdai na kutoka mshitakiwa, na mali yake imekwenda. Lau Rumpole angalikuwapo Venisi siku ile, twaamini angalikwenda kukaa upande wa Shylock, si kwa kuipenda dai lake la ratili ya nyama, bali kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Phyllida wa Mortimer, kinyume cha Portia, hakujigeuza mwanamume. Tunamwona akiwa mgeni asiyejiamini mwaka 1978, na katika miaka iliyofuata anapanda mpaka kuvaa hariri, jambo ambalo Rumpole mwenyewe hakulipata.

Na tusisahau kwamba aliyetufasiria kesi ya Venisi alikwisha kusimama kizimbani mwenyewe. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishitakiwa Dar es Salaam kwa kuwakashifu mabwana wilaya katika gazeti dogo la Sauti ya TANU. Aliyemtetea alikuwa D. N. Pritt, wakili wa Kiingereza, ambaye miaka mitano na zaidi kabla ya hapo alikuwa Kapenguria akimtetea Jomo Kenyatta na wenziwe watano. Kote kuwili Pritt hakushinda. Kapenguria walihukumiwa miaka saba ya kazi ngumu mwaka 1953. Dar es Salaam Mwalimu alitozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, na faini ikalipwa. Hata hivyo mambo yaliyosemwa katika kesi zile mbili yaliandikwa na yakasomwa, na serikali ya kikoloni ililazimika kuleta mashahidi wake mchana kweupe wakaulizwa. Ni dhahiri kwamba faida ya mtetezi haipimwi kwa kushinda peke yake.

Sasa tuje kwenye kiini. Rumpole anapowahutubia wale raia kumi na wawili walioapishwa kuamua kama mshitakiwa ana hatia au hana, kila mara hurejea uzi wa dhahabu. Neno hilo si lake. Lilitoka kwa Lodi Sankey katika Baraza la Malodi mwaka 1935, katika kesi ya kijana mfanyakazi wa shamba aitwaye Woolmington aliyekuwa amehukumiwa kwa kumuua mkewe kwa bunduki, naye akisema kwamba bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya. Lodi Sankey alisema kwamba ndani ya kitambaa chote cha sheria ya jinai ya Kiingereza umepita uzi mmoja wa dhahabu, nao ni kwamba kazi ya kuthibitisha hatia ni ya mwenye kushitaki. Mshitakiwa halazimiki kuthibitisha kwamba ni mwema. Shaka ya maana ikibaki, faida yake ni ya mshitakiwa. Kijana yule aliachiwa.

Mwanafunzi wa Pemba akisikia hayo asije akadhani kwamba amesikia jambo jipya la Kizungu. Kwa makadhi wetu, na katika vyuo walimosomea, ilikuwa kanuni ya siku nyingi kwamba mwenye kudai ndiye aletaye ushahidi, na mwenye kukana huapa. Wazee waliokuwa wakisuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba ya mikarafuu walianza na swali hilo hilo: wewe usemaye mkarafuu huu ni wako, una nini cha kutuonyesha? Na tunayo methali ambayo wengi wanaitamka bila ya kuisikiliza: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sehemu ya kwanza ya methali hiyo ina vitabu vingi katika fasihi yetu. Sehemu ya pili ndiyo aliyoishughulikia Mortimer kwa miaka kumi na saba.

Lakini kujua kanuni ni jambo moja na kuwa na mtu wa kuisimamia ni jambo jingine, na hapa hatuna budi kuitazama historia yetu wenyewe bila ya kupepesa macho. Kuanzia mwaka 1970, Zanzibar ilikuwa na Mahakama za Wananchi. Nia yake ilielezwa kuwa ni kuwasogezea watu haki, kuendesha kesi kwa lugha yao, upesi na bila ya gharama, chini ya mahakimu waliotoka miongoni mwao. Mtu aliyeikumbuka mahakama ya mkoloni, ambamo alihukumiwa kwa lugha asiyoijua na kupelekwa jela na mkalimani, aweza kufahamu kwa nini jambo hilo lilipendeza. Ila mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika mahakama hizo. Mwanasheria wa serikali alikuwapo. Wa mshitakiwa hakuwapo. Hali hiyo iliendelea mpaka mwaka 1985, zilipopitishwa sheria mpya za Mahakama Kuu, za mahakama za mahakimu na za mahakama za kadhi, baada ya Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 kuweka ndani yake kwamba mtu asitendewe kama mkosa kabla ya kuthibitika kosa lake.

Miaka kumi na mitano si mingi katika umri wa nchi, lakini ni mingi katika umri wa fasihi. Ndiyo miaka ambayo Mohamed Suleiman Mohamed alitoa Nyota ya Rehema, na Shafi Adam Shafi akatoa Kasri ya Mwinyi Fuad na Kuli. Miaka ya neema kwa riwaya ya Zanzibar. Sisi wa rika lililoingia skuli katika miaka hiyo tulikua bila ya kumwona wakili akisimama kumsemea mtu mahakamani. Mwandishi huandika alichokiona. Hatusemi kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya fasihi yetu kukosa mtetezi, maana Bara mawakili walikuwapo na huko pia mtetezi wa kwenye kitabu ni haba. Lakini kwetu visiwani ni sababu ambayo haifai kupitwa.

Huenda mwalimu mmoja akatukumbusha Mzalendo Kimathi, tafsiri ya tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo ya mwaka 1976. Kweli hiyo ni tamthilia ya mahakama, na ni tamthilia kubwa. Lakini Kimathi wa kwenye jukwaa hana wakili wa kumwokoa, wala hamtaki. Anaikataa mahakama yenyewe, sheria yake na jaji wake, kwa kuwa ni mahakama ya mwizi inayomhukumu mwenye mali. Hilo ni jawabu kwa mahakama ya mkoloni. Kwa mahakama yetu wenyewe, katika nchi iliyo huru, ambapo hakimu ni mtoto wa jirani na mshitakiwa ni mtoto wa jirani mwingine, jawabu hilo halitoshi. Twahitaji mchezo ambao mahakama ni yetu na bado yahitaji kuulizwa maswali.

Mapungufu ya Rumpole yapo na hatutayaficha. Mvinyo umo mwingi na sigara haimtoki kinywani. Mwalimu aseme mapema kwamba hayo ni ada za watu wa kule, asiyaache yakachukua nafasi ya mazungumzo. Hilda, mkewe, amefanywa kichekesho kwa muda mrefu mno, na ni katika mifululizo ya mwisho tu ndipo anapopewa akili yake kamili. Majaji wengi ni wapumbavu au wakali kupita kiasi. Juu ya jaji Bullingham, hata hivyo, tunamsamehe mtungaji. Huyo ameitwa Fahali Mwenye Wazimu, anapumua kwa puani na kuinamisha kichwa kabla ya kumshambulia wakili, nasi tulioona mchezo wa ng'ombe hapa Pemba hatukuhitaji kuelezwa. Rumpole mbele yake ni yule mchezaji mwenye kitambaa mkononi: hana nguvu za kumshinda fahali, wala hakusudii kumuua, kwani katika mchezo wetu ng'ombe hauawi, anachokitaka ni kumchosha, kumghilibu, na kutoka uwanjani mzima huku zumari likilia. Wanafunzi wa Pemba watalicheka jambo hilo kuliko Waingereza wenyewe.

Kosa kubwa zaidi limo katika mchezo wa mwaka 1983 uitwao Rumpole na Uzi wa Dhahabu. Humo Rumpole anasafiri mpaka Afrika, katika nchi ya kubuni iitwayo Neranga, kumtetea David Mazenze, mwanasiasa aliyeshitakiwa kwa mauaji na anayekabiliwa na hukumu ya kifo. Tunafahamu alichokusudia mtungaji: alitaka kuonyesha kwamba uzi ule haukusokotwa kwa ajili ya watu wa London peke yao. Lakini Neranga ni nchi isiyokuwa na mahali. Mbele ya kesi nzito kama hiyo, uzito wa hadithi umewekwa juu ya mgeni aliyeteremka ndegeni, na wenyeji wamebaki kumzunguka. Kapenguria haikuwa hivyo. Pamoja na Pritt walikuwapo A. R. Kapila na Fitz de Souza wa Kenya, H. O. Davies wa Nigeria, na Dudley Thompson wa Jamaika. Mortimer aliijua mahakama ya Old Bailey kama mtu ajuavyo ukumbi wa nyumba yake. Afrika aliiona dirishani tu. Tunayasema haya si kwa ajili ya kumtia aibu marehemu, bali kwa kuwa pengo hilo ni la watungaji wetu kuliziba.

Wataliziba kwa nini? Kwanza kwa lugha. Nguvu ya Rumpole ni kwamba anapowageukia wale raia kumi na wawili husema nao kama asemavyo na muuza magazeti. Kiswahili chetu kina hazina kwa kazi hiyo, na Tanzania Bara mwaka 2021 ilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kijana atakayeandika mchezo wa mahakama leo hana haja ya kumwazima mkalimani: kizimba, mshitakiwa, dhamana, kiapo, maswali ya dodoso, utetezi, rufaa, maneno yote hayo watu wanayo vinywani.

Pili kwa sanaa ya kujibizana, ambayo ni ya kwetu tangu zamani. Katika kitabu cha Kale ya Washairi wa Pemba kilichotolewa mwaka 2011 yamekusanywa mashairi ya Kamange na Sarahani, na asomaye mashairi ya Pemba ya zama zile ataona watu wanaotoa hoja, wanaodai hoja, wanaoligeuza neno la mwenzao na kumrudishia likiwa na makali. Shairi la kujibizana lina sheria zake: usimjibu mtu jambo asilolisema, shika vina vyake, usimtukane badala ya kumjibu. Wakili mwema naye hufuata hizo hizo. Rumpole mwenyewe haachi mashairi, kila apatapo nafasi humsoma Wordsworth kwa moyo, mara nyingine mahali pasipofaa, na wenziwe humwona mwehu. Angalizaliwa Wete au Micheweni wangalimwona ni mtu wa kawaida.

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, miaka ishirini na zaidi kabla Bara haijapata televisheni ya aina yoyote, lakini Pemba umeme wa kutegemewa ulikuja mwaka 2010, ulipofika waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Leo skuli yenye kompyuta moja na spika yaweza kuonyesha mchezo huu kutoka katika sahani za video. Pasipokuwa na hizo, Mortimer aliviandika visa hivyo hivyo kwa hadithi fupi, na kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1978. Kiingereza chake chataka subira lakini hakimshindi mwanafunzi wa kidato cha tano.

Ushauri wetu kwa mwalimu ni kwamba asionyeshe mingi. Aanze na kesi ya Jim Timson, asimamishe kabla ya uamuzi, na awaache wanafunzi waandike kila mmoja kwa siri kama mshitakiwa ana hatia na kwa ushahidi gani. Karatasi zisomwe baada ya mchezo kwisha. Wiki ya pili iwe ya msichana wa bangi, na mjadala uwe juu ya swali moja tu, kama Rumpole alikuwa na haki ya kuyaziba masikio asiyasikie maungamo yake. Wiki ya tatu wasome uwanja wa mahakama wa Mabepari wa Venisi, na mwanafunzi mmoja apewe kazi ya kuwa wakili wa Shylock, asimame aseme. Neranga iwe ya mwisho kabisa. Wakisha kuitazama, waiandike upya kesi ile kwa Kiswahili, mahakama ikiwa Chake Chake, jaji wa kwetu, mashahidi wa kwetu, wakili wa kwetu, na Rumpole asiwemo.